Posa Niliyoibeba Mpaka Columbia

Nilipokuwa mtoto wa chuo cha Kurani, pale Mji wa Kale, Mombasa, jirani yetu Mzee Bakari alikuwa na saa ya ukutani kubwa kama mlango wa kabati. Saa yenyewe ilikufa zamani. Mishale ilisimama saa nne kasorobo na haikubanduka tena. Mzee Bakari akiifuta kila Ijumaa kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi, na kila mpita njia, kwa adabu, husimama dirishani akamuuliza, "Mzee, saa ngapi sasa?" Naye hugeuka, akaitazama vizuri, akajibu, "Saa nne kasorobo, baba." Mtu hushukuru akenda zake kuswali magharibi.

Siku moja nilisema mbele za watu kuwa saa ile imekufa. Baba yangu alinizaba kofi. "Kwani wewe ndiwe wa kwanza kuona?" akaniuliza. Kofi lile nalisikia mpaka leo katika sikio la kushoto, ingawa sikio hilo baadaye lililipukiwa na stovu, maana kazi yangu, kwa asiyenijua, ni kutengeneza majiko ya stovu. Lakini hayo ya stovu si ya leo.

Nimeikumbuka saa ile kwa sababu nyinyi wa barazani hamna swali jingine kila jioni: Amerika ilikuwaje, na yule kijana yuko wapi. Na mke wangu ana lake pia. Alipofungua sanduku langu nilivyorudi alikuta nguo zote zimepigwa pasi, hata leso, hata soksi, akaniuliza ni mwanamke gani. Haya, naandika mara moja, kwa mkono wangu, kwa elimu yangu ya darasa la tatu. Safari ya kurudi siiandiki, haina kitu. Sanduku nililetewa mlangoni, nikapelekwa uwanja wa ndege na bwana mmoja aliyekuwa ameapa hatanisemesha, na kweli hakunisemesha. Mtamjua huko mbele.

Mombasa mpaka Nairobi, na kaseti mfukoni

Zaidi ya stovu, mimi ni mshenga. Nimepeleka posa thelathini na moja, zote zimekubaliwa, na sijasema uongo hata katika moja. Kanuni yangu ni fupi: mshenga akiulizwa hujibu, asipoulizwa hula.

Dada yangu Zuhura ana mwana mmoja, Idarusi, aliyekwenda Amerika kusoma akabaki huko kupima damu za watu hospitalini. Miaka tisa. Ana umri wa miaka thelathini na nne, hana mke, na kila akiulizwa alijibu "bado". Dada akachoka na bado. Akasikia kuna watu wa Lamu wanaokaa huko huko, mji uitwao Columbia, wana binti. Wakasikilizana kwa simu. Kilichobaki ni mshenga wa kuingia mlangoni na maneno, na mshenga ndugu wa damu ni mimi.

Dada hajui kuandika. Barua zake za Amerika ni kaseti. Alijifungia chumbani akazungumza juu ya kaseti ya taarabu aliyoazima kwa jirani bila kumwambia kuwa ataifuta. Alilia robo saa, akausia robo saa, akanitia kaseti mfukoni. "Kaka, usirudi na bado," akanambia. "Rudi na ndiyo." Nikapanda treni ya Nairobi na neno hilo kifuani kama jiwe la figo, nikashuka nalo.

London, siku mbili za ukungu

Ndege ilitufikisha London, ukungu ukatukalisha. Siku mbili hatukuona hata bawa la ndege nyingine. Chakula walichotupa kilikuwa viazi na kitu chekundu kirefu ambacho sikukiuliza jina nisije nikajibiwa. Nilikuwa na chupa ya achari ya maembe. Niliifungua mara moja tu, na benchi zima likabaki langu.

Aliyerudi kukaa alikuwa mwanamke mmoja wa Bukavu, Mama Beatrisi, mnene, kilemba cha manjano, naye akienda Washington kwa binti yake aliyejifungua. Achari ile aliila kwa kidole. Kwao Kiswahili wanakivaa kwa upande mwingine, lakini kinafunika mwili vilevile.

"Papa, ule mutoto unaenda kuoesha iko na miaka ngapi?"

"Thelathini na nne."

"Na hana bibi?"

"Hana. Ndiyo maana naenda."

"Iko anaishi mwenyewe?"

"Yuko na mwenzake, Mzanzibari, Nasoro. Mwaka wa saba sasa. Kijana mwema sana, hata mama yake Idarusi humtumia salamu."

Mama Beatrisi akacheka mpaka kilemba kikamlegea. "Papa! Njo unapanda ndege mbili kumutafutia bibi? Rudia nyumbani, Papa. Hiyo kazi ilishaisha."

Nikamwambia kazi haijaanza. Akanikatia nusu ya mkate wake akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyepanda basi lisiloenda kwao, na tayari limeondoka.

Chumba kinachotembea

Washington tulishuka ndegeni tukaingizwa katika chumba. Kina viti, kina madirisha, nikakaa nikingoja tupelekwe. Mara chumba kikaondoka! Kizima kizima, na watu ndani, kikatembea uwanjani kama sebule iliyokasirika na mwenyewe. Nikasoma Ayatul Kursi kwa sauti. Mzungu jirani yangu akainamisha kichwa, nadhani alidhani ni tangazo.

Nje hakuwapo Idarusi. Alikuwapo kijana mfupi, mashavu ya kuiva, sharubu nyembamba, ananukia iliki, ameshika koti zito mkononi.

"Shikamoo, mzee wangu. Mie Nasoro. Idarusi yuko zamu, kanituma."

Koti lilinikaa sawasawa. Akanimiminia chai ya tangawizi kutoka chupani kabla hatujaliwasha gari. Njiani akaniuliza habari za watu wote wa kwetu, mmoja mmoja. "Na goti la Mama Zuhura? Lile la kushoto." Mimi ni kaka yake Zuhura, miaka sitini na saba tumo katika dunia hii pamoja, na sikujua kuwa ni la kushoto.

Gaithersburg

Wanakaa Gaithersburg, nyumba za kubanana ukuta kwa ukuta, ngazi ndani. Idarusi alirudi na nguo zake nyeupe za hospitali akaniangukia shingoni akalia. Mrefu, mwembamba, macho ya mama yake. Nikafurahi. Kisha wakanionyesha chumba cha kulala.

"Hiki chumba cha Nasoro," akasema Idarusi. "Yeye atalala kochini."

Sawa. Nikafungua kabati nitundike kanzu, halina hata shati. Nikavuta droo, ndani kuna kitabu cha simu. Mto wa kitanda ulikuwa ungali na karatasi ya dukani. Miaka saba mtu analala chumba hiki, na mto haujapata kuguswa na kichwa.

Na mimi, mpeleka posa thelathini na moja, niliketi juu ya kitanda kile nikajiuliza saa ngapi. Nikajijibu: saa nne kasorobo.

Siku ya pili tukasikiliza kaseti, watatu, sebuleni. Zuhura akalia, akausia, akahesabu wajukuu wa majirani kwa majina. Idarusi anatazama zulia. Halafu sauti ikalainika: "Na wewe Nasoro, mwanangu, Mungu akulipe unavyonitunzia mwanangu. Akishaoa yeye, na wewe tutakutafutia." Hapo maneno yake yakaisha na taarabu iliyokuwa chini yake ikapasuka, fidla na ngoma. Hakuna aliyenyanyuka kuizima. Nasoro alikwenda jikoni akakata vitunguu ambavyo havikuhitajiwa na chakula chochote cha siku ile.

Yeye ni mpishi wa ubalozi mmoja nisioutaja. Jamani, yule kijana anapika! Nazi ya kopo, mchele wa mfuko wa plastiki, na bado wali unatoka umechambuka. Nilipoangushwa na homa ya baridi alinipikia uji wa pilipili manga siku tatu, akanivua soksi kwa mkono wake. Kiswahili chetu, mnajua, hakikosi maneno ya watu kama hao. Tunayo mengi, yote ya kutukania. Niliyapitia yote nikiwa kitandani, moja moja, nikatafuta moja la kumwita mtu anayenivua soksi. Halikuwamo.

Nao wawili ugomvi wao ulikuwa kitu cha kukipa kiti ukakitazama. Ukutani mna kidude cha kuongeza joto. Idarusi anakipunguza, Nasoro anakipandisha.

"Unatuchoma."

"Ntakuchoma kweli. Vaa sweta."

"Sweta umelifua limekuwa la mtoto."

"Basi zaa mtoto alivae!"

Halafu wakakumbuka kuwa mimi nipo, na sababu ya mimi kuwapo, kidude wakakiacha kilipo.

Siku theluji ilipoanguka nilitoka na Idarusi kuizoa mlangoni. Yeye ana koleo, mimi nina ushauri.

"Mjomba," akasema, hajaniangalia. "Mimi sitaki kuoa."

"Hakuna asiyetaka. Husemwa bado."

"Nimesema bado miaka tisa."

"Mama yako amesema nirudi na ndiyo."

Akazoa, akazoa. Njia ilikwisha kusafika yeye bado anazoa nyasi za jirani. "Nikikataa, atanikatia kaseti?"

"Atakukatia," nikamwambia, maana niliulizwa. "Amekwisha sema. Hatatamka jina lako."

Akalikung'uta koleo ukutani. Kisha akasema, "Haya. Peleka."

Ndani, Nasoro anachoma sambusa za kupeleka kwa wakwe. Nilipoingia jikoni akanambia, bila ya kugeuka, "Nshapata chumba Silver Spring, mzee. Mwisho wa mwezi. Bibi harusi asikute vyombo vyangu." Mafuta yalikuwa yanaruka yanampata mkono, na hakuutoa.

Nilikula sambusa nne. Nawaambia ili mnijue.

Njia ya Columbia

Jumapili tukaondoka, kanzu zimenyooka kama karatasi. Desturi inasema mposaji haendi nyumbani kwa mchumba siku ya posa, husubiri kwao akitetemeka. Lakini baba wa binti, Bwana Abeid, alisema kwenye simu kuwa tuko Amerika, kijana aje aonekane. Na kwa kuwa mikono ya Idarusi ilikuwa inatetemeka kuliko desturi inavyotaka, aliyeendesha gari ni Nasoro. Aliyepika halua ni Nasoro. Aliyefunga sinia la posa kwa shali jekundu na kupiga fundo ni Nasoro. Mimi nimekaa nyuma, sinia mapajani, natazama visogo viwili.

Columbia ni mji uliopangwa na mtu aliyekuwa hana haraka. Njia zote zinapinda, nyumba zote ni ndugu, na majina ya mitaa ni kama maneno ya mtu anayeota. Tukazunguka saa nzima. Idarusi ana ramani.

"Kulia."

"Kulia tumetoka."

"Basi umepita."

"Nimepita kwa sababu umesema kulia wakati tayari nimepita!"

"Geuza."

"Sigeuzi. Njia haigeuzwi hapa. Utanifanya nipigwe faini nikakuposee wewe jela?"

Idarusi akaangua kicheko. Nasoro naye. Wakacheka mpaka gari likapunguza mwendo, kisha kicheko kikakatika upande mmoja, kikakatika upande wa pili. Nasoro akapangusa macho kwa mkono wa kanzu. Mpindo wa mbele tukaiona nyumba.

"Mie ntakaa garini," akasema Nasoro. "Mie dereva."

Sebuleni kwa Bwana Abeid

Tukavua viatu mlangoni. Sebule ina makochi yenye plastiki, picha ya Makka, televisheni kubwa imezimwa kwa heshima yetu. Bwana Abeid, mtu wa tai, sauti ya kutangaza habari. Mkewe yuko jikoni. Binti, Rukia, anasoma chuo kikuu kule Fairfax. Alipita na sinia la sharubati, nikamwamkia kwa Kiswahili akanijibu kwa Kiingereza, kisha akamwambia Idarusi maneno mawili matatu Idarusi akatabasamu. Baadaye nilipata kuambiwa: ana mtihani kesho, alikuwa anaomba tusikae sana.

Na pembeni, juu ya kiti kinacholala nyuma, alikuwapo mama yake Abeid, Bi Mwanaidi. Walimleta kutoka Lamu miaka mitatu nyuma. Kiingereza hajui, baridi haipendi, watu wa kuwasema hana. Mwanamke wa namna hiyo ukimletea mshenga ni kama umemletea paka samaki.

Nikatoa maneno yangu. Nisijisifu, lakini yalikuwa maneno. Nimekuja na nia, mlango wenu ni mpana, ua lenu limetupa harufu mpaka Mombasa. Bwana Abeid akatikisa kichwa kukubali, amepoa. Biriani ikaletwa. Ilikuwa imebaki kusoma Fatiha.

"Ngoja kwanza," akasema Bi Mwanaidi. "Sikuuliza mimi. Mshenga, wewe umekaa kwake?"

"Wiki mbili, Bi Mkubwa."

"Nambia nyumba yake. Mjukuu wangu aenda kukaa na nani. Ala nini kijana huyu? Nani ampikia?"

Nikameza tonge. "Nasoro."

"Ndiye nani?"

"Mwenzake wa nyumba. Mpishi."

"Kanzu hii nzuri, nani kaipiga pasi?"

"Nasoro."

"Akiugua?"

"Mwaka jana alikatwa kidole tumbo," nikasema, na hapo ulimi wangu, Mungu ausamehe, ukapata mteremko, "Nasoro akalala kitini hospitalini siku nne, wakimfukuza atoka mlango huu aingia ule."

"Halua hii?"

"Nasoro."

"Akikasirika, kijana wako, amgombeza nani?"

"Nasoro."

"Na akigombezwa?"

"Na Nasoro, Bi Mkubwa. Jana ilikuwa ni sweta."

Bwana Abeid alikwisha acha kutikisa kichwa. Bi Mwanaidi akaitema tambuu yake kikoponi, polepole, akapangusa midomo.

"Na huyo Nasoro yuwapi sasa?"

"Yuko nje. Garini."

Bibi yule akamgeukia mwanawe. "Abeid mwanangu, watu hawa wamekuja kuposa mke wa pili. Wa kwanza wamemwacha nje kwenye baridi."

Jikoni kitu kikaanguka kikavunjika. Rukia, aliyekuwa kwenye ngazi, akaziba mdomo kwa mikono miwili, na inaonekana Kiswahili anakifahamu vizuri sana akitaka.

"Mama!" akasema Abeid.

"Nini? Mleteni ndani ale, atakufa huko. Kwetu Lamu nimeona mengi, lakini sijaona mtu ampikia mumewe halua ya kuolea."

Mimi nikawahi. Zile thelathini na moja zilinisimamia kichwani kama wazee wa mtaa. "Bi Mkubwa, ni mwenzake wa chumba tu," nikasema. "Mwisho wa mwezi ahama. Amekwisha pata pa kukaa." Na huo haukuwa uongo, mnaona. Ndio ufundi wenyewe.

Bwana Abeid akashika hapo hapo. Posa ikivunjika habari itafika Lamu kabla biriani haijapoa, naye alijua. Akamgeukia Idarusi, akalainisha sauti. "Kijana, sikiliza. Hapa hakuna aliyesikia kitu. Mama ni mzee. Sema tu kuwa yule ni mwenzako wa chumba, na anahama, tusome Fatiha. Neno moja."

Niwaambie kweli, lilikuwa neno jepesi. Mlango wa saa umefunguliwa, mshale umeshikwa, kazi yake ni kuitazama tu na kusema saa nne kasorobo. Nikamkonyeza. Nikamtikisia kichwa cha ndiyo. Nikamfikiria mama yake na lile goti, la kushoto.

"Yuahama, baba?" akauliza Bi Mwanaidi, na mara hii hakufanya mzaha.

"Hapana, bibi," akasema Idarusi. "Hahami."

Akainuka. Hakupiga kelele, hakutoa hotuba. Alikunja vizuri kitambaa alichopanguzia mikono akakiweka kando ya sahani ambayo hakuigusa. Akamwinamia bibi yule akambusu mkono. Mbele yangu alisimama kidogo.

"Mjomba, mwambie mama goti alikande na mafuta ya mkaratusi. Nasoro ndiye aliyesema."

Mlangoni alitafuta viatu vyake katika vile viatu vya watu wote, akavikosa, akavipata, akatoka ameviburura visigino.

Nilimwona dirishani. Nasoro alikuwa nje ya gari anakwangua barafu ya kioo kwa kifuniko cha kaseti, ya dada yangu, naijua rangi yake. Idarusi akamwambia kitu. Nasoro akaacha kukwangua. Akaitazama nyumba, akanyosha mkono kuionyesha, bila shaka anaulizia sinia, mzee, adabu. Idarusi akatikisa kichwa kukataa, akaingia upande wa abiria. Gari likaondoka likapinda kushoto, nami nilijua hata pale dirishani kuwa njia ni kulia.

Nikasema watazunguka, watapotea, watarudi kunichukua. Bi Mwanaidi akaamuru sahani ya Idarusi isiondolewe. Tukakaa, Bwana Abeid ameapa hatanisemesha tena, tunaitazama ile sahani inapoa, mafuta yanaganda kwenye ukingo.

Hakurudi. Nikaila mimi.